Florentine Mbuyu wa Kapata, Sauti Iliyomshinda Mfalme

Mwaka umezunguka sasa, Yaya Florentine, dada yetu mkubwa, tangu tulipokulaza katika makaburi ya Kolwezi, na korali nzima ikakuimbia mpaka padri akakosa nafasi ya kusema neno lake. Familia imenipa mimi, Huguette, mdogo wako wa mwisho, kazi hii ya kuandika. Wamesema, "Andika weye, juu unapenda kusema mingi." Basi nasema nawe, na anayetaka kusikiliza asikilize.

Ulizaliwa Kapata, hapa Kolwezi, katika ile mistari ya nyumba za kampuni ya madini zilizofanana mpaka mgeni aliweza kuingia kwa jirani, akavuta kiti, akala, ndipo akagundua kwamba si kwa shemeji yake. Baba yetu, Tata Kisimba, alikuwa fundi wa mitambo ya kusagia mawe. Mama yetu, Mama Elise, alilima matembele nyuma ya nyumba na kuyauza sokoni. Kila asubuhi king'ora cha kampuni kililia kuwaita watu kazini, na wewe, mtoto mdogo umesimama mlangoni na kikombe cha chai, ulikijibu. Ulipanda nacho mpaka juu kabisa. Kilipochoka, wewe uliendelea. Majirani walikuwa wakisema, "King'ora ya kampuni imeisha, sasa tungoye ya kwa Kisimba."

Tata Henri, mwalimu wa korali ya parokia, alikusikia ukipita barabarani na ndoo ya maji kichwani. Hakuuliza umri wako. Alikuja nyumbani, akakaa, akanywa munkoyo wa Mama, kile kinywaji cha mahindi, kisha akasema, "Mama Elise, huyu mutoto ninamukamata." Jumapili iliyofuata ulisimama kati ya wanawake waliotosha kukuzaa, na uliimba sehemu ya juu bila kuwatazama. Mmoja wao alikasirika na kuacha korali. Wiki mbili baadaye alirudi, akasema amekosa usingizi kwa hamu ya kukusikia tena.

Ulipomaliza sekondari, Baba alitaka uwe muuguzi. Alikuwa na sababu zake. Kampuni ilikuwa imeanza kuyumba, mishahara ilichelewa, na hospitali ilionekana kuwa mahali pa kujishikia. Wewe ulitaka kwenda Lubumbashi kwa mtawa mmoja aliyefundisha kuimba. Siku ile mezani hakuna aliyegusa bukari, ugali wetu.

"Kuimba ni kazi ya namna gani?" Baba aliuliza. "Mutu anaamuka asubui, anaenda kuimba, mangaribi anarudia?"

Aliyejibu ni Mama.

"Kisimba, huyu mutoto ukimufunga mu hospitali, bagonjwa batalala saa gani? Ataimba tu."

Baba alijaribu kukunja uso, ikashindikana. Alicheka mpaka akalazimika kusukuma sahani pembeni. Hivyo ndivyo ulivyopanda treni ya Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi, baada ya miaka ya mazoezi, ulipata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji.

Kule hawakukupokea kwa vigelegele. Mwalimu wako wa kwanza alikuambia kwamba sauti yako ni nzuri kwa nyimbo za kanisa za kwenu, lakini opera uwaachie wenyewe. Ulitusimulia jambo hili ukiwa unakatakata vitunguu, kama mtu anayesimulia habari ya mvua. "Ukamwambia nini, Yaya?" nilikuuliza. Ukasema, "Nilimwambia, asante Madame, kesho tunaanza saa ngapi?" Ukarudi kesho, ukarudi keshokutwa. Mwishoni Madame yule ndiye aliyekushika mkono na kukupeleka mbele ya wakubwa wa jumba la opera.

Uliimba nyuma, katikati ya umati wa jukwaani, kwa muda mrefu. Uliimba wajakazi. Uliimba mchawi mmoja ambaye hata jina hakuwa nalo. Kisha wakakupa nafasi ya Mama katika ile opera ya Kiitaliano ambayo sasa kila mtu wa Kapata anaijua. Kwa wale ambao hawakuiona, hadithi yake ni hii: mfalme ameua vijana waliomwasi, na amekataza wasizikwe. Mama wa mmoja wao, mjane, anakuja peke yake hadi mbele ya kiti cha enzi kudai mifupa ya mwanawe. Anaimba mpaka anafika kwenye noti moja ya juu ambayo waimbaji wengi wanaiogopa. Mfalme anakataa. Mama anakufa pale pale, na pazia linafungwa.

Uliiimba Ubelgiji, wakasimama. Uliiimba Ufaransa na Ujerumani, wakasimama. Magazeti ya kule yaliandika jina Mbuyu bila kosa, na hilo kwetu lilikuwa ushindi peke yake. Ulitutumia kanda, tukaisikiliza sebuleni sote, na Baba alikuwa wa kwanza kutoka nje. Tangu siku hiyo, watu wakimuuliza habari zako, alijibu, "Florentine? Eko analia mbele ya bazungu, na bazungu banapiga mikono." Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyosikia.

Nao ukubwa haukukuharibu, Yaya. Ulikuja kila kiangazi, na mume wako Stany, mtu wa Sandoa mwenye upole usio na kelele, na mtoto wenu Gael. Ulikataa kiti cha wageni. Uliosha vyombo huku umejifunga kitenge shingoni, hata kwenye joto, kwa sababu shingo yako, ulisema, si yako peke yako. Ulipenda bukari na samaki tomsoni wa kukaanga, na ulikula kichwa cha samaki mwenyewe bila kumwachia mtu. Ulichukia watu wanaopiga mluzi ndani ya nyumba. Kanisani ulikaa benchi la nyuma, usionekane, lakini korali ikiteleza, nyusi zako ziliinuka, na soprano wote, ingawa walikupa mgongo, walijua.

Halafu sauti ilikatika.

Ilikuwa Ujerumani, katikati ya onyesho. Ulifungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Madaktari walikuta uvimbe kwenye nyuzi za sauti, wakaukata, wakakuamuru kunyamaza kwa miezi. Daktari aliyekupasua alisema utasema tena, labda utaimba tena, lakini ile noti ya juu uisahau. Ukifanya nguvu, alisema, unaweza kupoteza hata sauti ya kusema.

Ulirudi Kapata kunyamaza. Ulisema kwa vidole, na Stany alikuwa mkalimani. Vidole viwili kwenye ulimi: mboga haina chumvi. Kiganja kifuani: niacheni. Kiganja kifuani kilikuwa kingi siku hizo. Tulikuona umekaa uani asubuhi nzima, mgongo kwa ukuta, na hatukujua la kufanya, maana katika familia yetu anayetuliza wengine ulikuwa wewe.

Neno la kwanza ulilosema, madaktari walipokuruhusu, halikuwa sala. Ulimwambia Stany, "Ile opera, nataka tuifanye hapa."

"Hapa wapi?"

"Kapata. Mu ile salle ya cercle. Kwa Kiswahili."

Tulidhani huzuni imekugeuza akili. Ukumbi wa zamani wa wafanyakazi ulikuwa na mabati yaliyotoboka na popo darini. Watu wakasema, nani ataacha biashara yake aje kusikiliza mambo ya Kizungu? Lakini Tata Henri, ambaye sasa alikuwa mzee na anatembea kwa fimbo, alikuja nyumbani kama zamani, akakaa, akasema, "Tuanze na maneno."

Mlibishana wiki nzima kwa neno moja. Yeye aliandika "mwanangu", Kiswahili cha kitabu. Wewe ulisema hapana. "Tata Henri, mama wa hapa, mutoto wake akikufa, hasemi mwanangu. Anasema mutoto wangu. Na ile wa ya wangu, kinywa kinafunguka." Ukashinda. Basi kilio cha Mama kikawa: "Nipe mifupa ya mutoto wangu." Na pale penye noti ya juu, kwenye "wangu", mliandika noti nyingine, ya chini zaidi, kwa ajili ya koo lako.

Waimbaji uliwatafuta mwenyewe. Korali ya parokia, wanawake wa soko, matarumbeta ya parokia, wapiga fidla wachache kutoka Lubumbashi. Mfalme ulimpata penye mizani ya madini. Alikuwa mchimbaji, jina lake Dimitri, mtu mzima mwenye mabega ya mlango, akiita uzito wa magunia kwa sauti iliyotoka chini ya ardhi kabisa. Ulisimama kwenye vumbi ukamsikiliza mpaka akaona haya.

"Mama, unatafuta nani?"

"Ninakutafuta weye. Unajua kuimba?"

"Mi siyui nota hata moja."

"Na kushikilia pumzi?"

Alicheka. "Mama, kule chini pumzi njo kila kitu."

Mama Kanku ulimpata kwenye korali. Mjane kutoka Kasai, muuza mikate, mwenye sauti nzito ya tatu. Mwanawe wa pekee, Gradi, alikuwa mchimbaji kama Dimitri. Alimleta mama yake mazoezini kwa pikipiki na kusubiri nje, na tulimsikia akiigiza mfalme kwa wenzake, wakicheka.

Majuma machache kabla ya onyesho, shimo liliporomoka. Gradi alikuwa chini, na wenzake wawili. Kooperative, yaani ushirika uliosimamia lile eneo, ilisema udongo bado unatembea, kuchimba ni kuua wengine. Wakazungusha kamba, wakaondoka. Mama Kanku alikaa pembeni ya kamba ile siku baada ya siku. Hakukuwa na mwili wa kuosha, wala wa kuzika. Kulikuwa na udongo tu, umelala sawa kama meza.

Ulikwenda kwake. Nilikuwa nawe. Ulimwambia, "Mama Kanku, tunaacha. Opera haifanyiki."

"Florentine, musiache," alisema. "Ule wimbo, zamani ulikuwa wa yule mama wa kule Italia. Sasa ni wangu. Mi sina sauti ya kuufikisha. Weye uko nayo. Basi uimbe."

Njiani ulinishika mkono, ukaubana mpaka ukauma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Popo walikuwa wamefukuzwa, viti vilikuwa vimetoka shule, kanisa na baa zote za Kapata, na bado watu walijaa mpaka madirishani. Wachimbaji walikuja na matope ya viatuni. Walikuja mama wa soko na mabinti wa ofisi, na watu wa Mutshatsha waliofika kwa lori la makaa. Mbele walikaa wakubwa walioalikwa, na kati yao mkubwa wa ile kooperative. Hatumtaji jina, kwa sababu ya yale yaliyofuata. Baba alikaa mstari wa pili, kofia magotini, kama mtu aliyeletwa kwa daktari.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Dimitri alipoingia na taji, wachimbaji walipiga mayowe, akakaribia kutabasamu, ukamwangalia, akakumbuka kwamba yeye ni mfalme.

Kisha ukaingia wewe, peke yako, kichwa kimefungwa kitambaa cha msiba. Na mvua ikaanguka.

Yeyote aliyewahi kukaa chini ya mabati wakati wa masika ya Kolwezi anajua. Haikuwa mvua, ilikuwa kokoto. Fidla zikapotea. Matarumbeta yakapotea. Tata Henri, aliyekuwa akiongoza, alishusha mikono, akakuangalia, na ukumbi mzima ukadhani imekwisha.

Ulishuka jukwaani. Ulikuja katikati ya watu, kwenye ule ujia mwembamba kati ya viti, ukasimama pale, ukaanza upya bila ala yoyote. Mwanzoni tuliona mdomo tu. Kisha sauti ikapata njia. Ilipita chini ya mvua, halafu ndani yake, halafu juu yake. "Nipe mifupa ya mutoto..." na pale ulipotakiwa kushuka, kwenye ile noti salama, Yaya, hukushuka. Ulipanda. Uliimba "wangu" pale juu kabisa ambapo daktari alisema usahau, ukakaa pale, na kila mtu katika Kapata alisikia neno moja tu, na mvua ikawa kama kitu kilicho mbali.

Stany alikuwa amesimama ukutani, mikono juu ya kichwa. Mimi nilikuwa nimeuma pindo la kitenge changu.

Uliponyamaza, ilikuwa zamu ya mfalme kukataa. Dimitri alisimama, akafungua mdomo. Na mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka dirishani:

"Mupe mama mutoto wake!"

Mwingine akadakia. "Mupe! Bamupe mutoto wake!" Wachimbaji wakasimama juu ya viti. Ukumbi mzima, kwa sauti moja, na hakuna aliyewafundisha: "Mupe! Mupe! Mupe!" Katika korali, Mama Kanku alikuwa amesonga mbele mpaka ukingoni mwa jukwaa. Hakupiga kelele. Alikuwa anamwangalia Dimitri, na Dimitri, aliyekuwa rafiki wa Gradi, aliyeshuka naye mashimo yale yale, alilia mbele ya watu wote.

Maneno ya mfalme yalikuwa "Sitampa." Dimitri hakuyaimba. Alivua taji, akaliweka chini, akapiga magoti, na kwa sauti yake ile ya chini ya ardhi akaimba, kwa noti ambazo hazikuandikwa na mtu, "Mama, kamata mutoto wako. Kamata, umuzike."

Wewe ulipaswa kufa, Yaya. Ndivyo kitabu kilivyosema. Ulimtazama Tata Henri, yeye akainua mabega. Basi hukufa. Ulipanda jukwaani, ukamshika Mama Kanku mkono, na mkasimama wawili. Matarumbeta yakapiga chochote walichokijua, na Kapata ikapiga vigelegele mpaka mvua yenyewe ikaona aibu, ikapungua. Hukuwahi kupigiwa mikono namna ile Ulaya. Ulisema hivyo mwenyewe.

Mkubwa wa kooperative alitoka bila kumsalimia mtu. Tulimnenea vibaya usiku ule. Asubuhi mashine mbili za kuchimbia zilikuwa kwenye kamba, na yeye mwenyewe amesimama hapo na buti. Walichimba kwa kuzuia kuta polepole, siku kadhaa, na hakuna mwingine aliyeumia. Walimtoa Gradi na wenzake wawili. Mama Kanku alimwosha mtoto wake kwa mikono yake, akamzika kwa jina lake, na wewe uliimba kaburini, chini kabisa, karibu kunong'ona.

Baba tulimkuta barabarani, jioni ya siku ile ya opera, amezungukwa na wazee wenzake wa kampuni. Alikuwa anawaeleza kwa mikono miwili.

"Nilikuwa ninasema huyu mutoto analia mbele ya bazungu," alisema. "Nilidanganya. Mwenye kulia haombi vile. Huyu alikuwa anatoa amri."

Sauti ilibaki, Yaya. Daktari wako alikuchungulia kooni na kusema haelewi, ukamwambia aje Kapata ataelewa. Ulirudi kuimba kule, ukaimba miaka mingine mizuri, na kila walipokuuliza ukumbi ulioupenda kuliko yote ulitaja mmoja ambao hawakuujua. Halafu ulirudi moja kwa moja. Ulifungua shule ya kuimba katika ukumbi ule ule, mabati mapya, popo wachache. Ulifundisha mtu yeyote aliyefika, na ulimrudisha nyumbani yeyote aliyefika bila kula, baada ya kumlisha. Chancelle, binti wa muuza makaa wa Mutshatsha, aliyekuja kwako akiogopa hata kusema jina lake, leo anaimba nafasi kubwa katika jumba la opera kule Lyon. Dimitri hachimbi tena. Yeye ndiye mwalimu wa sauti za chini, na mpaka leo sokoni mama mmoja mmoja humnyooshea kidole: "We mufalme, siku ile ulikawia!"

Moyo wako ulisimama ukiwa kazini, mchana, baada ya kuwaambia soprano warudie. Wanasema walirudia vizuri.

Tulilia, Yaya, tusifiche. Mama bado anaweka kichwa cha samaki pembeni. Lakini mwaka huu wote, watu waliokuja kutupa pole wameanza kwa machozi na kumaliza kwa kusimulia, na wakisimulia wanasimama, wananyoosha mikono, wanatuonyesha jinsi ulivyoshuka katikati ya viti. Hata wale ambao hawakuwepo. Tunawaacha. Ushindi wako una nafasi ya watu wengi.

Jumapili hii kutakuwa na misa ya kukuombea katika parokia ya Kapata, na baada ya misa, watu wote ukumbini. Chancelle amesafiri, ataimba sehemu ya Mama. Mfalme atakuwa Dimitri. Na mwisho utakuwa ule wa kwetu.

Wanaokukumbuka: baba yako Tata Kisimba na mama yako Mama Elise, mume wako Stany, mwanao Gael, wadogo zako Tharcisse na mimi Huguette, shemeji, wapwa na wajukuu wa Kolwezi, Sandoa na Lubumbashi, mwalimu wako Tata Henri, Mama Kanku, ambaye ameomba aandikwe hapa kama ndugu, na familia nzima imekubali, na wanafunzi wako wote.

Maadamu Kapata ina mtu mwenye pumzi, jina lako halitasahaulika. Pumzika, Yaya Florentine. Kuimba, tuachie sisi.